Namna ya kuisoma ghazali ya Hafez kwa sikio la Kiswahili

Khwaja Shams al-Din Mohammad, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Hafez, aliishi Shiraz, kusini mwa Iran, katika karne ya 14, na akafia huko mnamo 1390 hivi. Lakabu hiyo, inayomaanisha mtu aliyeihifadhi Kurani moyoni, ndiyo aliyotia saini mwishoni mwa mashairi yake. Wengi humwanza kwa kusoma wasifu wake. Mimi nashauri mwendo wa kinyume, yaani uanze na ghazali moja tu (shairi fupi la mapenzi lenye beti za mishororo miwili), uisikie na kuielewa, ndipo umtafute mtu aliyeitunga, kwa sababu habari thabiti za maisha yake ni chache na hekaya zilizoota juu yake ni nyingi mno. Ghazali ninayoipendekeza ni ile yenye beti saba inayofungua Diwani, yaani mkusanyo wa mashairi yake.

Kwanza jipatie matini ya kuaminika. Hafez hakuikusanya Diwani kwa mkono wake. Ilikusanywa baada ya kufa kwake, na jina linalotajwa katika kazi hiyo ni la Mohammad Golandam, ndiyo maana nakala za kale zinatofautiana kwa idadi ya ghazali, kwa mpangilio wa beti na hata kwa maneno. Toleo la Mohammad Qazvini na Qasem Ghani la mwaka 1941 lina ghazali 495, na bado ndilo linalotumiwa na wasomaji wengi, ilhali lile la Parviz Natel Khanlari lina 486. Ukisoma tafsiri, hakikisha inataja namba ya ghazali au mstari wake wa kwanza kwa Kiajemi. Mashairi mengi ya Kiingereza yanayosambazwa intanetini kwa jina la Hafez hayana asili yoyote ya Kiajemi, na tafsiri isiyotaja chanzo chake haifai kukupotezea muda.

Sasa isome beti ya kwanza kwa sauti, hata kama huelewi neno:

Ala ya ayyuha s-saqi, adir ka'san va navelha
ke eshq asan nemud avval, vali oftad moshkelha

Hesabu mizani. Kila mshororo una mizani 16, sawa kabisa na shairi letu la kawaida lenye nane katika ukwapi na nane katika utao. Mlingano huo, hata hivyo, usikudanganye. Kiswahili huhesabu silabi zote kuwa sawa, lakini Kiajemi hupima silabi fupi na ndefu, na bahari hii inayoitwa hazaj hurudia mara nne pigo lile lile la fupi moja na ndefu tatu. Gonga meza kwa kidole unaposoma: a-la-ya-ay, yu-has-sa-qi, ukiivuta kila silabi ndefu na kuipitia upesi ile fupi. Baada ya kurudia mara tano au sita ulimi utaanza kwenda wenyewe, na hapo utatambua kwa nini waimbaji wa Iran wanapotaka maneno ya kuimba humwendea mshairi huyu kabla ya wengine, kwani mstari wake unakuja na mdundo wake tayari.

Kisha tazama vina. Mishororo yote miwili ya beti ya kwanza huishia kwa sauti moja, -elha, na kuanzia hapo ni mshororo wa pili pekee wa kila beti unaoirudia hadi mwisho: delha, mahmelha, manzelha, sahelha, mahfelha. Aliyesoma tenzi hatashangazwa na jambo hili, kwa kuwa kina cha bahari katika utenzi hufanya kazi iyo hiyo ya kuzifunga beti zote kwa uzi mmoja. Katika ghazali uzi huo una uzito zaidi, kwani mara nyingi ndio pekee unaoziunganisha beti. Kila beti husimama kama wazo kamili, na inayofuata yaweza kuruka kutoka kileoni hadi jangwani, kutoka jangwani hadi baharini. Usitafute hadithi inayotiririka. Soma beti moja, nyamaza, kisha uende kwa nyingine.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kutafuta maneno uliyo nayo tayari. Kiajemi na Kiswahili vyote viwili vimekopa sana kutoka Kiarabu, na Kiswahili kimechukua pia maneno ya Kiajemi chenyewe, kama vile bandari, bustani, pamba na rangi. Katika beti hiyo ya kwanza eshq iko karibu na ashiki, avval ni awali, na moshkelha ni mushkeli kwa wingi. Maana yake kwa ufupi ni hii: ewe mnyweshaji, zungusha kikombe unipe na mimi, kwani mapenzi awali yalionekana mepesi, kisha zikazuka mushkeli. Mshororo wa kwanza wote ni Kiarabu na wa pili ni Kiajemi. Beti ya mwisho inageuza mpangilio huo, ikimalizia kwa Kiarabu na kuusia kwamba ukikutana na umpendaye uiache dunia.

Jihadhari na maneno yanayofanana kwa sura yakaachana kwa maana. Saba katika beti ya pili si hesabu. Ni upepo mwanana wa mashariki unaoleta harufu ya nywele za mpenzi. Mahfel ni mkusanyiko wa watu tu, wala hakuna mhitimu anayepewa cheti. Bi-khabar ni mtu asiyejua, si mtu asiyeletewa habari.

Neno dogo kuliko yote ndilo linalowatesa wafasiri wa Ulaya. Kiajemi hakina jinsia katika viwakilishi, na mpenzi katika ghazali ni u, yaani yeye. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua kama ni mwanamume au mwanamke, na akishachagua amekwisha kuifunga milango mingine, kwa sababu mpenzi huyo aweza pia kuwa mfalme au Mwenyezi Mungu. Kiswahili hakikulazimishi kuchagua. Ukitafsiri kwa ajili yako mwenyewe, andika "yeye" na umwache alivyo.

Hapo ndipo maisha ya Shiraz yanapohitajika, hasa kwa beti ya nne, inayosema uutie msala rangi kwa mvinyo iwapo mzee wa Majusi, yaani mwenye kilabu cha mvinyo, atakuamuru, kwani msafiri wa njia hakosi kuzijua desturi za vituo. Mwaka 1353 Mubariz al-Din Mohammad aliuteka mji, akafunga vilabu vya mvinyo na kuwaandama watu kwa jina la dini kiasi kwamba wenyeji walimbandika jina la mohtaseb, msimamizi wa maadili sokoni. Mwaka 1358 mwanawe, Shah Shoja, alimpindua na kumpofusha. Katika Diwani mohtaseb hurudi mara kwa mara pamoja na zahed, mcha Mungu wa kujionyesha, na dhidi yao mshairi humsimamisha rend, mtu asiyejali sifa za watu lakini mwenye moyo safi. Dhambi anayoichukia Hafez kuliko nyingine ni riya, na neno hilo tunalo vilevile: ria.

Je, mvinyo wake ni wa zabibu au ni wa mahaba ya Mungu? Wafafanuzi wamebishana kwa karne nyingi, na kwa maoni yangu msomaji mpya hana haja ya kuamua. Jaribu kuisoma beti kwa maana moja, kisha kwa ya pili, uone kama inasimama kotekote. Mara nyingi husimama, na ufundi wake uko hapo.

Usiruke beti ya tano. Inataja usiku wa giza, hofu ya wimbi na kimbunga cha kutisha cha maji, kisha inauliza: watajuaje hali yetu wale wenye mizigo miepesi walioko sahelha? Neno hilo ni wingi wa sahel, pwani, na ndilo shina la jina la lugha unayoisoma sasa. Hal, hali, lipo pia mle mle.

Ukiwa na rafiki Mwirani, mwombe akuonyeshe fal, kupiga ramli kwa Diwani, kama familia nyingi zifanyavyo usiku wa Yalda, ulio mrefu kuliko yote mwakani, na siku za Nowruz, mwaka mpya wa Kiirani. Mtu hutia nia kimyakimya, hufungua kitabu popote, husoma ghazali inayojitokeza, na beti za mwanzo za ghazali inayofuata huitwa shahed, yaani shahidi. Hata asiyeamini ramli hufaidika, kwa kuwa mezani kila mtu hutoa fasiri yake ya beti ile ile, na darasa la ufafanuzi linalozidi hilo ni vigumu kulipata.

Ghazali ya kwanza ikishakuzoea, nenda kwa ya tatu katika toleo la Qazvini na Ghani, inayoanza kwa Agar an Tork-e Shirazi, ambamo mshairi anaitoa miji ya Samarkand na Bukhara kwa doa moja tu jeusi la uso wa mpenzi. Hekaya inasimulia kwamba Timur mwenyewe, mfalme aliyeitawala miji hiyo, alimwita amhoji kwa ukarimu huo wa mali ya wengine. Bahari yake ni hazaj ile ile ya mizani 16, kwa hiyo kidole chako mezani hakitakuwa na pigo jipya la kujifunza.