Mndimu kwenye nusu pipa, hapa Dodoma

Hata kama umepanga na una kibaraza tu, ndimu za kwako zinawezekana. Nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine. Wa mbegu utakungojesha miaka. Sehemu ulipounganishwa ibaki juu ya udongo, na chipukizi lolote linaloota chini ya hapo likate.

Mimi napenda nusu pipa la plastiki, lile la lita 200 likikatwa, nalitoboa matundu chini. Changanya mchanga wa korongoni, udongo wa juu na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, maana mbichi inaunguza mizizi. Juu tandaza maganda ya karanga. Upepo wa Juni hadi Agosti haupoi hapa, udongo unakauka upesi.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Chomeka kidole, kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Visima vyetu vingi vina chumvi, kwa hiyo ukiona utando mweupe juu ya udongo, mwaga maji mengi kuusuuza. Mvua za Desemba zikianza, kinga maji ya bati. Hayo ni dawa.

Asubuhi geuza majani machanga. Ukikuta kitu kama kinyesi cha ndege, kiguse kwa kijiti. Kikichomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, huyo ni kiwavi wa kipepeo. Mtoe kwa mkono, usikimbilie sumu kwenye mti unaokula matunda yake. Wachache tu wanaweza kuumaliza mche mdogo majani yote.