Bia Nyeusi: Historia ya Porta na Stauti, na Namna ya Kuzipika Hatua kwa Hatua

Anayejifunza kupika bia nyeusi kwa kawaida hukabidhiwa orodha ya viungo na kuambiwa aifuate. Mimi naona ni afadhali aanze kwa kuelewa jinsi bia hiyo ilivyopata weusi wake, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kiasi cha kila nafaka, maji yanayofaa na hata dakika ya kutia nafaka iliyokaangwa. Mwongozo huu ni wa kupika lita 20 za porta kwa nafaka yenyewe, si kwa kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) kilichokwisha kugeuzwa kuwa asali au unga kiwandani. Mwishoni nitaeleza yanayobadilika pale mpishi anapotaka stauti.

Weusi ulikotoka

Porta ilianza London mwanzoni mwa karne ya 18. Inatajwa katika maandishi tangu mwaka 1721, na ilipewa jina la wachukuzi wa mizigo wa mitaani na wa Mto Thames, ambao walikuwa wanywaji wake wakubwa. Simulizi inayosema kwamba Ralph Harwood aliibuni mwaka 1722, ili wauzaji wasilazimike kuchanganya bia za mapipa matatu katika gilasi moja, iliandikwa miongo mingi baadaye, nami siipi uzito. Bia hii ilikua polepole kutokana na bia za kahawia zilizokuwapo tayari. Ilipikwa kwa kimea cha kahawia, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa kwa moto mkali wa kuni, na kwa hiyo ilikuwa na ukali wa moshi ilipokuwa changa. Dawa ya ukali huo ilikuwa muda: bia ilikaa kwenye mapipa kwa miezi mingi hadi ikatulia na kupata uchachu kama wa divai.

Kuhifadhi bia kwa muda mrefu namna hiyo kulihitaji mtaji, na ndiyo maana porta ikawa bia ya viwanda vikubwa. Samuel Whitbread alihamia Chiswell Street mwaka 1750 kwa ajili ya kupika porta, na kufikia mwaka 1796 kiwanda chake kilikuwa kinatoa mapipa 200,000 kwa mwaka. Wenye viwanda wakashindana kujenga matangi ya mbao yaliyo makubwa zaidi, mpaka tarehe 17 Oktoba 1814 tangi moja la kiwanda cha Meux, karibu na Tottenham Court Road, lilipopasuka, bia ikafurika hadi kwenye nyumba za jirani na watu 8 wakafa.

Hata hivyo, bia yote hiyo ya mwanzo ilikuwa ya hudhurungi tu. Weusi ulikuja kwa sababu ya kifaa cha kupimia na ya sheria. Haidromita, ambayo James Baverstock na baada yake John Richardson waliwahimiza wapishi wa bia kuitumia katika nusu ya pili ya karne ya 18, hulinganisha uzito wa maji ya kimea, yaani maji matamu yaliyorowekewa kimea, na uzito wa maji matupu, na hivyo huonyesha kiasi cha sukari kilichomo. Wapishi walipopima waligundua kwamba kimea cha kahawia, ingawa bei yake sokoni ilikuwa ya chini, kilitoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe, kiasi kwamba anayehesabu sukari badala ya magunia aliona kuwa cheupe ndicho chenye nafuu. Wakahamia huko, na porta ikaanza kupauka. Baadhi yao walirudisha rangi kwa sukari iliyounguzwa na kwa vitu vibaya zaidi ya hivyo, hadi sheria ya mwaka 1816 ilipokataza kila kiungo kisichokuwa kimea au hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya kukaanga kimea ndani ya ngoma ya chuma inayozungushwa juu ya moto, kwa namna ileile ya kukaanga buni. Kiasi kidogo cha kimea chake cheusi kilitosha kuipa pipa zima rangi bila kuvunja sheria. Tangu hapo kazi ziligawanyika: kimea cheupe hutoa sukari, cheusi hutoa rangi na ladha. Hatua zote zilizo hapa chini zinasimama juu ya mgawanyo huo.

Stauti wakati huo ilikuwa porta yenye nguvu zaidi, si zaidi ya hapo. Arthur Guinness, aliyekodi kiwanda cha St James's Gate mjini Dublin mwaka 1759, alianza na bia nyingine kabisa, na ni mwaka 1799 tu kiwanda chake kilipoacha bia hizo na kubaki na porta. Baada ya uvumbuzi wa Wheeler, wapishi wa Dublin walikiacha kimea cha kahawia na kutumia cheupe na cheusi peke yake, ilhali wale wa London waliendelea kuchanganya vyote vitatu. Tofauti kati ya stauti kavu ya Ireland na porta nzito ya London inaanzia hapo. Wapishi wengi wa leo hufundishwa kwamba stauti ni ile yenye shayiri mbichi iliyokaangwa na porta ni ile yenye kimea cheusi. Kanuni hiyo inafaa kazini, lakini haiwezi kuwa ya kale: Uingereza ilikuwa inatoza kodi ya kimea, nafaka isiyooteshwa ingeikwepa kodi hiyo, na kwa hiyo ilikatazwa katika bia hadi kodi ilipofutwa mwaka 1880.

Hatua ya 1: Kupima na kuparaza nafaka

Pima kimea cheupe kilo 4, kimea cha kahawia gramu 500, kimea cha karameli gramu 300 na kimea cheusi gramu 200. Kimea cheusi ni sehemu ya 25 tu ya uzito wote, lakini ndicho kitakachoitawala bia. Anayekiongeza maradufu kwa kutamani weusi zaidi hupata ladha ya majivu. Kimea cha kahawia kinachouzwa leo hakikaushwi kwa moshi, wala hakina tena vimeng'enya vya kugeuza wanga wake kuwa sukari, hivyo hutegemea vimeng'enya vya kimea cheupe. Paraza nafaka hadi punje zipasuke huku maganda yakibaki mazima, kwa sababu maganda hayo ndiyo yatakayokuwa chujio. Kimea cheusi kiparazwe peke yake na kiwekwe kando.

Hatua ya 2: Kuandaa maji

Nafaka iliyokaangwa ina asidi. Maji ya visima vya London yalikuwa na baikaboneti nyingi, ambayo huipunguza asidi hiyo, na hii ni sababu mojawapo ya bia za rangi nzito kukubaliana na mji huo kabla mtu yeyote hajaweza kuieleza kwa kemia. Kinachotafutwa ni pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) kati ya 5.3 na 5.5 katika mchanganyiko wa nafaka na maji, ikipimwa baada ya sampuli kupoa. Mwenye maji magumu huenda asihitaji kuongeza chochote. Mwenye maji laini akiona pH iko chini ya 5.2 atie gramu 1 ya baikaboneti ya sodiamu, ile inayotumika kuumulia keki, akoroge, apime tena, na asiende mbio, kwa kuwa ikizidi bia huwa na ladha ya sabuni. Maji yenye klorini yapitishwe kwanza kwenye chujio la mkaa, la sivyo bia itanuka dawa.

Hatua ya 3: Kuroweka

Pasha lita 13.5 za maji hadi nyuzi 74 za Selsiasi, kisha mimina nafaka zote isipokuwa kimea cheusi, ukikoroga hadi pasibaki madonge. Joto litashuka hadi karibu nyuzi 67. Funika chombo, kizungushie blanketi, na ulinde joto hilo kwa saa moja. Katika joto hili vimeng'enya hutoa sukari ambayo hamira itaila na kubakiza sehemu isiyolika, nayo ndiyo inayoipa porta uzito mdomoni.

Ifikapo dakika ya 45, chota maji kidogo yasiyo na chembe za nafaka, yaweke kwenye kisahani cheupe na udondoshee iodini. Yakigeuka buluu iliyokoza, wanga bado upo na unapaswa kusubiri zaidi; yasipogeuka, tia kimea cheusi na ukoroge. Mpangilio huu una faida mbili. Jaribio la iodini husomeka vizuri kabla ya maji kuwa meusi, na robo saa inatosha kutoa rangi yote inayohitajika huku ukali wa nafaka iliyokaangwa ukibaki nyuma. Wapo wapishi wanaotia kila kitu tangu mwanzo, na bia yao si mbaya, ila kwa porta mimi napendelea ulaini.

Hatua ya 4: Kuchuja na kusuza

Fungua bomba polepole na urudishe lita mbili tatu za kwanza juu ya nafaka hadi maji yatoke bila chembe. Baada ya hapo yakusanye kwenye sufuria, na ongeza juu ya nafaka lita 16 za maji ya nyuzi 76, kidogo kidogo. Unahitaji lita 24 hadi 25. Usizidishe joto la maji ya kusuza wala usiendelee kukamua nafaka ambayo haidromita inaonyesha imeshuka chini ya 1.010 (maji matupu ni 1.000), kwa sababu maganda huanza kutoa ukakasi wa chai iliyochemshwa kupita kiasi.

Hatua ya 5: Kuchemsha na hopsi

Chemsha kwa saa moja bila kufunika, na usiondoke karibu na sufuria dakika za mwanzo, kwa kuwa povu hupanda ghafla. Maji yakishaanza kutokota vizuri, tia gramu 50 za hopsi aina ya Fuggle au East Kent Goldings zenye asidi za alfa, zile zinazotoa uchungu, asilimia 5. Hizo zitatoa uchungu wa karibu vipimo 30 vya kimataifa, unaotosha kuukabili utamu bila kushindana na kimea. Sitii hopsi za harufu mwishoni. Manukato yake na harufu ya nafaka iliyokaangwa havipatani.

Hatua ya 6: Kupoza na kutia hamira

Kuanzia sasa kila kitakachogusa bia lazima kiwe kimetakaswa kwa dawa ya kuua vijidudu. Poza maji ya kimea hadi nyuzi 18 haraka uwezavyo, yahamishie kwenye chombo cha kuchachushia huku yakimwagika kwa kishindo ili yapate hewa, kisha pima. Haidromita ionyeshe karibu 1.051 katika nyuzi 20. Tia gramu 11 za hamira kavu ya bia, ya jamii ya Kiingereza inayochachuka juu, funga mfuniko wenye kizibo cha kutolea gesi, na uweke chombo mahali penye nyuzi 18 hadi 20. Siku tatu za kwanza ndizo za kulindwa zaidi, maana uchachukaji wenyewe hutoa joto, na bia iliyopanda hadi nyuzi 25 huwa na harufu kali ya kileo.

Acha wiki mbili. Bia iko tayari pale haidromita itakaposoma namba ileile, karibu 1.013, kwa siku tatu mfululizo, wala si pale mapovu yanapokoma kwenye kizibo. Kileo kitakuwa asilimia 5 hivi.

Msomaji anaweza kujiuliza kama anapaswa kuizeesha porta kama walivyofanya London. Uchachu wa bia ile ya kale ulitokana na hamira ya mwituni iliyoishi ndani ya mbao za mapipa. Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, aliitenga kutoka katika bia ya Kiingereza na kuipa jina la Brettanomyces. Ni hamira yenye ladha ya kuvutia, lakini ikishaingia kwenye vyombo vya plastiki kuitoa ni kazi, na kwa anayeanza nashauri aiache.

Hatua ya 7: Kutia kwenye chupa

Chemsha gramu 100 za sukari kwenye maji kidogo, poza, changanya taratibu na bia yote, kisha jaza chupa imara za bia na uzizibe. Ziache wiki mbili kwenye joto la chumba. Sukari ikizidi, au bia ikiwekwa kwenye chupa kabla haijamaliza kuchachuka, chupa hulipuka, na kioo kinachoruka si jambo la kuchezea. Asitarajie mtu povu zito kama krimu linaloonekana kwenye stauti ya baa: hilo hutokana na naitrojeni, ambayo Guinness ilianza kuitumia kwenye bia ya bomba mwaka 1959, na sukari ya chupani haiwezi kuitoa.

Hatua ya 8: Kugeuza porta kuwa stauti

Kwa stauti kavu ya mtindo wa Ireland, tumia kimea cheupe kilo 3, shayiri bapa isiyooteshwa gramu 850 na shayiri iliyokaangwa gramu 430. Roweka kwa lita 11.5 za maji ya nyuzi 72 ili mchanganyiko utulie kwenye 65, suza kwa lita 17, na ongeza hopsi hadi gramu 70. Hapa shayiri iliyokaangwa huingia tangu mwanzo, kwa kuwa ukali wake ndio unaotafutwa, na pH ichunguzwe kwa makini zaidi kwa kuwa kiasi cha nafaka nyeusi kimezidi maradufu. Kipimo cha kuanzia kitakuwa karibu 1.043 na cha kumalizia 1.009, jambo ambalo lingemshangaza mpishi wa mwaka 1800, kwa maana stauti hii ina kileo kidogo kuliko porta tuliyoanza nayo.

Aliye na hamu ya stauti nzito, mfano wa zile ambazo kiwanda cha Anchor cha Southwark, London, kilikuwa kikisafirisha hadi Urusi katika karne ya 18, arudi kwenye nafaka za porta, aongeze kimea cheupe hadi kilo 7, kimea cheusi hadi gramu 400 na hopsi hadi gramu 110. Ahakikishe chombo chake cha kuroweka kinaweza kubeba nafaka hiyo yote pamoja na lita 22 za maji, atumie pakiti mbili za hamira badala ya moja, na asifungue chupa ya kwanza kabla ya miezi sita kupita.