Namna ya kuitambua pumu ya unga kwa mfanyakazi wa bekari

Katika bekari za Ngamiani hapa Tanga, unga wa ngano humiminwa kwenye mashine ya kukandia usiku wa manane, na mwokaji anayepiga chafya mfululizo saa hizo huambiwa ana mafua tu. Mimi ni tabibu, na naomba wenzangu tusiikubali kauli hiyo upesi.

Hatua ya kwanza ni kumwuliza kama hupata nafuu akiwa mapumzikoni. Pumu ya unga haianzi siku ya kwanza ya kazi. Hupita miezi, hata miaka, mpaka mwili uanze kuzikataa protini za ngano au kimeng'enya cha amilesi, yaani kichocheo cha kuvunja wanga kinachotiwa katika unga, na mara nyingi pua na macho huwasha kabla ya kifua kubana. Kifua chaweza kubana saa kadhaa baada ya kutoka kazini, ndiyo maana wengi hulaumu vumbi la nyumbani.

Hatua ya pili ndiyo nzito. Mpe kile kipimo cha mkononi cha kupuliza kinachoonyesha kasi ya pumzi inayotoka, apulize mara tatu akiwa amesimama na kuandika namba ya juu kuliko zote, walau mara nne kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, zikiwamo siku za mapumziko. Daftari la shule latosha. Siku za mapumziko azipigie mstari mwekundu. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda penye wekundu, mpeleke kwa daktari wa kifua. Asiache kazi kabla ya vipimo kukamilika, maana ushahidi hupotea, isipokuwa pumzi ikimzidia: hapo hospitali mara moja.

Hatua ya tatu ni kuingia bekarini kwenyewe. Mdomo wa gunia ushushwe mpaka ndani ya bakuli la mashine, usikung'utwe kutoka begani. Mashine ifunikwe na ianze polepole. Meza ipakwe mafuta badala ya kunyunyiziwa unga. Sakafu idekiwe, isifagiliwe kavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini, inahitajika barakoa ya kuchuja vumbi inayobana uso vizuri.

Ugonjwa ukithibitishwa, mwajiri aarifiwe kwa maandishi na madai yapelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Daftari lile la mistari myekundu litunzwe, kwa kuwa ni sehemu ya ushahidi wake.