Vifaa vya kuzimia moto mlimani: kila kilo inapanda kwa mgongo wa mtu

Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2020, siku moja baada ya moto kuanza pale Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo mlimani Kilimanjaro, kijijini kwetu walipita wakisema kila mwenye nguvu apande na chochote cha kuzimia moto. Nilichukua panga la kukatia majani ya ng'ombe na dumu la maji la lita 20. Nilikuwa nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka 14 na mwili wangu naujua, lakini kabla ya Mandara nilishamwaga nusu ya maji yale ili nipumue. Nilipofika kwenye moto, yaliyobaki yaliishia kwenye kisiki kimoja, na panga halikukata hata mizizi ya erika, vichaka vigumu vya juu ya msitu. Mamia ya watu tulipanda siku zile. Hata hivyo mlima uliungua zaidi ya kilomita za mraba 90.

Tangu hapo ninatunza stoo ya vifaa vya moto ya kamati ya mazingira ya kijiji chetu, juu ya Marangu, pale vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, vinapokoma na msitu wa nusu maili, ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, unapoanza. Ninaandika kwa ajili ya vijiji vingine vinavyopakana na msitu wa mlimani, iwe Meru, Usambara, Uluguru au Mlima Kenya, ambako gari la zimamoto linaishia barabarani na moto unaendelea juu.

Jambo la kwanza kabisa: ukiona moshi, piga 114, namba ya zimamoto kwa Tanzania, na uwaarifu wenye msitu, hifadhi au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kabla hujagusa jembe. Usipande kabla hawajajua uko wapi.

Anza na mizani

Mpagazi wa Kilimanjaro mwisho wa mzigo wake ni kilo 20, na huyo anatembea njiani, hafukuzwi na moto. Mtu wa moto anatakiwa abebe pungufu, maana akifika kazi ndiyo inaanza, na huenda akalazimika kukimbia. Sisi tumeweka kilo 15 kwa kichwa, bila kuhesabu maji ya kwenye bomba, na ndani ya hizo kuna lita tatu za maji ya kunywa. Maji ya kunywa hayazimii moto, hata kama moto uko mbele ya pua.

Kikosi chetu ni watu 12. Mmoja anaongoza, mmoja analinda kwa kuangalia moto na upepo tu, watatu wana mapanga na shoka, watatu majembe, wawili reki za chuma, wawili mabomba ya mgongoni. Wanakwenda kwa mstari huohuo: panga linafungua njia, jembe linakata mizizi na kuchuna nyasi, reki inasafisha hadi udongo uonekane, bomba linafuata nyuma kulinda kilichosafishwa. Kati ya mtu na mtu acheni mita tatu. Mara nyingi niliona watu wakiumizwa na jembe la mwenzao.

Mkuza huo wa udongo mtupu upana wake uwe angalau mara moja na nusu ya kimo cha majani yanayoungua. Nyasi za magotini zinataka kama mita moja. Erika za mita tatu zinataka mita nne na nusu, na hapo utaelewa kwa nini vifaa vya kukatia vina thamani kuliko maji. Taka unazokata zitupe upande wa pili, mbali na moto. Zile zilizokwisha shika moto zirudishe kulekule kwenye majivu.

Jembe, shoka na tupa

Kuna kifaa ambacho Wamarekani hukiita Pulaski, kwa jina la Ed Pulaski, askari wa misitu aliyewaficha vibarua wake ndani ya shimo la mgodi kule Idaho moto mkubwa wa 1910 ulipowazingira. Upande mmoja wa kichwa ni shoka, upande wa pili ni jembe jembamba. Mtu mmoja anakata shina na kung'oa mzizi bila kubadilisha kifaa, na huo ndio uzito unaookolewa. Dukani sijakiona. Sisi tulimpelekea mhunzi wa Mamba, jirani na Marangu, kipande cha springi ya lori na picha, akafua vitatu. Wahunzi wa Mamba ndio waliowafulia Wachaga mikuki na majembe tangu zamani, picha moja iliwatosha.

Lakini chuma kizuri kilichofubaa ni mzigo tu. Kila watu wanne wabebe tupa moja yenye mpini. Hivi ndivyo ninavyowafundisha vijana: kanyaga mpini wa jembe chini ya mguu, makali yaangalie mbali nawe. Lalisha tupa juu ya makali kama unapaka siagi kwenye mkate, sukuma mbele kwa nguvu, kisha inyanyue. Usiikokote kurudi, meno ya tupa yanaisha. Sukuma mara kumi, kumi na tano, hadi uone uzi mweupe wa chuma kipya unaong'aa kutoka pembe hadi pembe. Ukikuta doa jeusi katikati, hapo hapajafikiwa, rudia. Jembe la shamba linaponwa na udongo laini. Jembe la moto linakata mizizi yenye unene wa kidole gumba, na butu litakurudia usoni.

Mipini isipakwe rangi. Rangi inaficha ufa na inateleza mkononi wenye jasho. Paka mafuta, kaza kabari, basi.

Kipigio

Matawi mabichi ndiyo tuliyotumia 2020, na juu ya mstari wa miti hata matawi ya kufaa hakuna. Kipigio kinatengenezwa kwa mpira wa madigadi ya lori. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 40, kipasue mistari mitatu kuanzia chini hadi katikati kiweze kulala juu ya ardhi isiyo sawa, kibane kwa vipande viwili vya bati nene na bolti tatu kwenye mti ulionyooka wa mita mbili. Usitumie misumari, inachomoka.

Kosa la kila mgeni ni kuinua kipigio juu ya kichwa na kuchapa kama anaua nyoka. Anapuliza moto, na cheche zinaruka nyuma yake. Kinyanyue hadi gotini tu, kilaze juu ya mwali, kishike pale hesabu mbili, kisha kiburute kuelekea kwenye majivu. Unamnyima moto hewa.

Kipigio na jembe vina mwisho wao. Ndimi za moto zikizidi mita 1.2, yaani zikikaribia kifua cha mtu mzima, joto halitakuruhusu kusogea. Hapo rudi nyuma, tafuta mahali pa kukata mkuza, au ngoja. Usiku upepo wa mlimani hushuka na baridi huupoza moto. Alfajiri niliyaona makali ya moto yaliyotushinda saa tisa alasiri yakizimwa na watu wawili.

Maji

Bomba la mgongoni si lazima linunuliwe ng'ambo. Lile la kupulizia dawa ya kahawa au nyanya, lita 16, linafaa likitengwa. Tenga kabisa: osha kwa sabuni mara tatu, lipake alama nyekundu, na lisirudi shambani tena. Nozeli yake inatoa ukungu, na ukungu unakauka hewani kabla ya kufika. Itoe, weka yenye tundu moja, maji yatoke kwa mkondo. Weka vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji yataingia ndani ya kuvu na majani makavu badala ya kuteleza juu. Elekeza kwenye shina la mwali. Mwenye bomba afanye kazi na mwenye jembe, mmoja akigeuza, mwingine akinyunyiza. Bila jembe, lita 16 zinaisha hujaona ulichofanya.

Maji ya kujazia, hapa kwetu, ni ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachaga. Tandika turubai ndani ya mfereji, ziba kwa mifuko ya udongo, bwawa la kuchota linapatikana upesi. Mweleze mwenye zamu ya maji siku ile, na ukimaliza mfungulie. Mwaka mmoja hatukufanya hivyo, na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, uliofuata nusu ya watu hawakuja. Walikuwa na haki.

Sasa pampu. Hapa nina uchungu, maana nimeona fedha na migongo ya vijana ikipotea. Kiangazi kimoja tuliazimwa pampu ya umwagiliaji ya inchi mbili, ile ya nyanya. Vijana wanne waliibeba kwa zamu hadi kwenye kijito, moto ukiwa kama mita 60 juu yake. Ikawaka, ikanguruma, na mpira ukajaa maji hadi nusu ya mteremko, yakasimama hapohapo. Hakuna aliyekuwa amefanya hesabu. Kila mita 10 za kupanda zinakula presha ya bar moja, na pampu zile zinasukuma maji mita 30 hivi kwenda juu, zikiwa mpya. Ilihitaji mita 60, bila kuhesabu msuguano ndani ya mpira. Kabla hujabeba pampu, soma kibao chake, tafuta namba ya kimo, punguza theluthi kwa ajili ya mlima, ndipo uamue.

Theluthi hiyo siitoi hewani. Injini inakosa hewa kama mtu. Kwenye mita 3,000 inapoteza karibu asilimia 30 ya nguvu, na kabureta iliyotengenezwa kwa ajili ya Dar inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Beba plagi mbili na spana yake, na muulize fundi kama anaweza kuweka jeti ndogo. Kuvuta maji nako kunapungua. Pwani pampu bora kabisa haiwezi kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 10. Karibu na Horombo, mita 3,720, hewa ni nyepesi na mpaka huo unashuka hadi mita sita na kitu, kwa hesabu ya darasani. Kwa kazi, iweke ndani ya mita tatu kutoka usawa wa maji, chujio lisiguse tope. Kama kijito kiko bondeni na moto uko juu sana, acha pampu nyumbani, chukua mabomba manne zaidi.

Chensoo (msumeno wa injini): mtu mmoja aliyefundishwa, msaidizi mmoja, mafuta yakae mbali na moto na kivulini. Mwingine yeyote asiiguse. Kuwasha moto wa kukutana na moto ni kazi ya askari wa msitu wenye mafunzo na amri, kwetu kifaa chake hakimo stoo.

Mwilini

Pamba au ngozi. Jaketi za nailoni tulizoachiwa na wageni zinayeyuka na kunata kwenye ngozi. Buti za ngozi, si za mpira. Kitambaa cha usoni kiwe kikavu, hata mama akikusihi ukiloweke, maana kikilowa hewa ya moto hugeuka mvuke na kuunguza ndani ya pua. Kila mtu na filimbi shingoni, kwa sababu simu hazishiki na redio kol ni moja. Mlinzi akipiga mara tatu, unaacha hata jembe na kwenda mahali mlikokubaliana, mara nyingi kwenye majivu yaliyopoa. Msikae juu ya moto kwenye mteremko: kila nyuzi 10 za mwinuko zinaongeza kasi yake karibu mara mbili.

Moto usioonekana

Hapa ndipo 2020 ilitushinda, na hapa ndipo ningetaka usome mara mbili. Chini ya erika kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza na mizizi, laini kama godoro. Moto unaingia humo na kutembea chini kwa chini. Juu unaona majivu tu, watu wanashangilia na kushuka, na siku ya pili moshi unatoka mahali walipolala.

Vifaa vyake ni jembe, chepe, bomba na mkono wako. Vua glavu. Usitumie kiganja, tumia mgongo wa kiganja, usogeze polepole juu ya ardhi bila kuigusa, sentimita mbili tatu. Ngozi ya pale ni nyepesi na inasikia joto mapema, na ukiungua bado unaweza kushika mpini. Ukihisi joto, chimba. Utakuta udongo wa kahawia unaofuka, na mzizi mwekundu kama sigara. Mwagia maji kidogo, koroga kwa jembe, mwagia tena, koroga kama unasonga ugali, hadi iwe tope na tope liwe baridi ukiingiza vidole. Maji yakiisha, koroga na udongo wenye mchanga. Kuzunguka eneo zima, chimba mtaro hadi ufike kwenye udongo usio na mizizi, hata kama ni kina cha goti.

Tunazunguka ukingo wote hivyo, mita 20 kuingia ndani, kisha tunalala hapo na kurudia kesho yake saa sita mchana, jua likiwa kali na harufu ya moshi ikijitokeza. Siku mbili bila joto mkononi ndipo tunashuka.

Stoo inafunguliwa kabla ya mtu kwenda kula. Mabomba yanasuuzwa na kuning'inizwa vifuniko wazi, mdomo chini. Majembe yanapigwa tupa usiku huohuo. Ninahesabu: vipigio sita, reki nne, tupa tatu. Safari iliyopita tupa moja haikurudi, na kijana aliyeibeba alipanda tena asubuhi kuitafuta.