Kumwandaa mtoto kwa kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon, mkikimbia pamoja

Ikifika likizo ya Desemba, wazazi hapa Moshi huanza kuniuliza: mtoto wa miaka minane anaziweza mbio za Kilimanjaro? Anaziweza, zile za kilomita 5 za kujifurahisha. Mbio hizi zimekuwepo tangu 2003, hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na siku hiyohiyo kuna wa kilomita 42 na wa 21. Za 21 mwachie mjomba wake.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi na hukimbia na binti yangu. Wiki nane zinatosha. Nikuambie mapema tu kwamba mwenye kazi ngumu hapa ni mzazi, kwa sababu itabidi ujifunze kwenda polepole.

Hatua ya 1: Muulize, halafu mkague

Muulize kama anataka, kisha nyamaza umsikilize. Mtoto anayekimbia kwa sababu baba ameshalipia ataumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi.

Akikubali, angalia afya. Mwenye pumu aulizwe daktari wake, na pampu iwe mfukoni mwako kila mnapotoka, isiachwe kabatini. Mwenye selimundu asianze kabla daktari hajaruhusu, maana kuishiwa maji na kuchoka kupita kiasi kunaweza kumletea maumivu makali. Akiwa na homa hakuna mazoezi, hata kama mbio ni kesho kutwa.

Hatua ya 2: Raba

Mitumba ya soko la Memorial inatosha kabisa, ila kagua. Kunja raba: ijikunje kwenye vidole, isivunjike katikati. Geuza soli, iliyolika upande mmoja imeshazoea mguu wa mtu mwingine, iache. Nendeni jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, avae na soksi, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole chako gumba. Na tafadhali, ile hesabu yetu ya "chukua kubwa, atakua nayo" iishie kwenye sare za shule. Raba kubwa inamchubua na kumwangusha.

Hatua ya 3: Nguzo za umeme

Hapa ndipo mazoezi yenyewe yalipo. Saa ya mkononi haimsaidii mtoto mdogo; dakika tatu kwake ni neno tu. Nguzo anaiona. Kwa hiyo mnakimbia kutoka nguzo moja hadi ya pili, mnatembea hadi ya tatu, mnakimbia tena. Mwache yeye ndiye ahesabu na kutoa amri ya "tembea" na "kimbia". Utashangaa alivyo mkali.

Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Wiki ya kwanza na ya pili: kimbia nguzo moja, tembea moja, kwa dakika 15. Wiki ya tatu na ya nne: kimbia mbili, tembea moja, dakika 20. Ya tano na ya sita: kimbia nne au tano, tembea moja, dakika 25 hadi 30. Wiki ya saba, siku moja nendeni kilomita 4 kwa mwendo wowote, hata nusu yake mkitembea. Wiki ya nane mnatoka mara mbili tu, kwa muda mfupi, na analala mapema. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na ndio unaovurugika kwanza shule zikifunguliwa Januari.

Mwendo sahihi utaujuaje? Mwambie ataje jedwali la tatu. Akifika tatu mara kumi bila kuhema, mko sawa. Akikwama kwenye tatu mara nne, punguzeni (isipokuwa kama hajui jedwali, hilo ni suala la mwalimu wa hisabati).

Watoto wote huanza mbio kama Filbert Bayi, aliyeongoza tangu mwanzo mwaka 1974 kule Christchurch hadi akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Tofauti ni kwamba Bayi alifika. Binti yangu nilimwonyesha Alphonce Simbu alivyoshinda marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025: kilomita 42 zote, na ushindi ukapatikana kwenye hatua ya mwisho, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Tangu hapo nikisema "Simbu" anajua maana yake ni kupunguza.

Hatua ya 4: Njia na saa

Moshi imekaa kwenye mteremko wa mlima, na hiyo ni bahati. Anzeni kwa kuelekea kaskazini, mkipandisha wakati miguu ni mipya, mrudi nyumbani mkishuka. Mkianza kwa kushuka, utambeba mgongoni. Barabara ya Lema ina miti na kivuli. Barabarani kimbieni upande wa kulia ili muyaone magari na bodaboda zinazokuja, na mtoto awe upande wa nje ya lami, wewe upande wa magari.

Siku za shule tokeni saa 11 jioni. Anayeamka alfajiri kwenda shule usimwongezee alfajiri nyingine. Jumamosi tokeni asubuhi mapema, kwa sababu mbio zenyewe ni za asubuhi na Februari jua la Moshi halina utani. Mtoto huchemka haraka kuliko mtu mzima na mara nyingi husahau kuwa ana kiu. Mpe mafunda machache kabla ya kuanza, tena mnapopumzika, bila kusubiri aombe.

Hatua ya 5: Tumbo

Uji mwepesi au ndizi mbivu, saa moja na nusu hivi kabla. Mtori ni wa baada ya mbio. Kichomi kikimshika ubavuni, atembee na kuvuta pumzi ndefu mpaka kipite.

Hatua ya 6: Akisema panauma

Misuli ya mapaja kuuma siku ya pili ni kawaida. Maumivu ya kisigino yanayorudi kila mkikimbia, au yanayomfanya achechemee, si ya kuvumilia: mifupa yake bado inakua, na sehemu ya ukuaji kisiginoni huumia upesi. Mpumzishe. Akiendelea kuchechemea, hospitali. Usimpe dawa ya maumivu ili akimbie.

Hatua ya 7: Siku ya mbio

Chukueni namba zenu za kifuani mapema. Nyuma ya namba yake andika nambari yako ya simu kwa kalamu isiyofutika, na hakikisha yeye mwenyewe anaikumbuka kichwani. Mkifika Chuo cha Ushirika, mbio zinapoanzia, chagueni mahali pa kukutana mkipotezana: mti au geti, kitu kisichohama.

Simameni nyuma kabisa. Mwanzo una msukumano, na mtoto ana urefu wa viwiko vya watu. Subirini umati utawanyike, kisha kimbieni kwa nguzo kama mlivyozoea. Dakika 45 ni nzuri, 55 pia. Usimshike mkono kumvuta, na usimpige picha kila kona. Picha moja mwanzoni, moja mwishoni.

Mkimaliza msikae chini mara moja. Tembeeni kidogo, anywe maji, abadilishe fulana iliyolowa, ndipo mtori. Wiki nzima inayofuata acheze anavyotaka bila ratiba. Akikuambia mwakani anataka 21, mwambie kilomita 5 tena, safari hii mkipunguza nguzo za kutembea.