Krediti za chuo Marekani kwa mitihani na kozi mbadala: anza na chuo, mtihani ufuate

Shahada ya kwanza nchini Marekani kwa kawaida ina krediti 120, yaani vipimo vya kiasi cha masomo, na kozi moja ya muhula huwa na krediti 3. Sehemu kubwa ya krediti hizo ni masomo ya jumla: uandishi, hesabu, sayansi, historia, jamii, lugha. Mtu aliyemaliza sekondari vizuri Tabora au Kisumu, au aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura, mengi ya hayo anayajua tayari. Kulipia kozi nzima ili ufundishwe unachokijua ni hasara ya pesa na ya muda, na vyuo vingi vya huko vinakubali uthibitishe ujuzi wako kwa mtihani au kwa kozi ya bei nafuu iliyokaguliwa.

Tatizo ni mpangilio. Wengi hufanya mtihani kwanza, wakishafaulu ndipo wanatafuta chuo cha kuupokea. Chuo kinasema hapana, au kinasema ndiyo lakini kinaziweka krediti kwenye kozi za hiari wakati nafasi za hiari zimeshajaa. Krediti iliyokaa mahali pasipohitajika haikupunguzii hata kozi moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukaa na karatasi. Chagua chuo na shahada unayoitaka, fungua katalogi ya mwaka huu, uandike kila nafasi inayotakiwa kujazwa. Kisha tafuta kwenye tovuti ya chuo hicho jedwali la krediti kwa mtihani na ukurasa wa krediti za kuhamisha. Majibu unayoyahitaji ni haya: wanapokea mitihani gani, kwa alama ngapi, inaingia badala ya kozi ipi yenye namba ipi, na kikomo cha krediti za nje ni kiasi gani. Jedwali lisipoeleza vya kutosha, mwandikie msajili kwa barua pepe na uhifadhi jibu lake. Usiridhike na la mdomo kwenye simu, kwa sababu mshauri wa masomo anaweza kubadilika katikati ya mwaka na ahadi yake ikaondoka naye.

Vikomo vinatofautiana sana. Vyuo vingi vinataka angalau krediti 30 za shahada uzisome kwao. Southern New Hampshire University hupokea hadi krediti 90 za nje. Charter Oak State College ya Connecticut, Thomas Edison State University ya New Jersey na Excelsior University ya New York ni vyuo vilivyojengwa kwa ajili ya watu wazima wenye krediti zilizotawanyika, na ndivyo wanavyovikimbilia wanaotaka kutumia njia hii kwa upana. Vyuo vyenye majina makubwa na ushindani mkali wa kuingia huwa vigumu zaidi, na baadhi havipokei kabisa. Kama unalenga chuo cha serikali Florida, huko kuna jedwali la jimbo zima linalovifunga vyuo vyote vya umma, hivyo kubahatisha ni kidogo.

Hakikisha pia chuo chenyewe kina ithibati inayotambuliwa, kwa kukitafuta kwenye orodha ya Council for Higher Education Accreditation. Anayefikiria kurudi Tanzania na shahada hiyo aiulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) mapema kuhusu utambuzi wa tuzo za nje, akieleza wazi kwamba sehemu ya krediti itatokana na mitihani na sehemu itasomwa mtandaoni.

Mtihani mmojawapo unaokubalika kwenye vyuo vingi ni CLEP, unaosimamiwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani. Masomo yake ni zaidi ya 30. Mengi huchukua dakika 90, maswali ni ya kuchagua jibu, na alama zinaanzia 20 hadi 80. American Council on Education, baraza la elimu ya juu linalokagua mitihani na kozi na kuvipendekezea vyuo krediti za kutoa, linaloitwa ACE kwa kifupi, linapendekeza 50 kuwa alama ya kufaulu kwa karibu masomo yote, lakini chuo chako kinaweza kutaka zaidi, na alama ya chuo ndiyo inayohesabika. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali lolote wazi. Ada ni karibu dola 100, na kituo cha mtihani huongeza ada yake ndogo ya usimamizi. Kuna shirika la Modern States linalotoa kozi za maandalizi bure mtandaoni, na anayemaliza kozi na mazoezi yake anaweza kuomba vocha ya kufuta ada ya College Board. Ukiwa Marekani, pitia huko kabla hujatoa senti yako.

Kujiandikisha kunakwenda hivi. Fungua akaunti kwenye tovuti ya CLEP, chagua somo, lipa au weka vocha, chapisha tiketi. Tiketi hiyo haikupi nafasi ya kufanya mtihani. Nafasi unaiomba mwenyewe kwenye kituo, ambacho mara nyingi ni ofisi ya mitihani ya chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu, na vituo vingine vinafanya siku mbili tu kwa wiki. Pia unaweza kufanyia nyumbani ukisimamiwa kwa kamera, mradi kompyuta na chumba chako vitimize masharti. Wakati wa kujiandikisha utaulizwa chuo kitakachopelekewa matokeo: kiweke hapo hapo, kwa sababu nakala ya kwanza haina malipo ya ziada na ya baadaye inalipiwa.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee kwa watu wetu. Jina kwenye akaunti lazima lifanane na la kitambulisho chenye picha utakachokwenda nacho. Mkongomani mwenye jina, jina la pili na la ukoo yaliyopangwa kwa mtindo wa Kinshasa, kisha yakapangwa upya kwenye karatasi za ukimbizi, anaweza kujikuta na vitambulisho viwili visivyofanana. Mtanzania anayetumia jina la baba na la babu hali kadhalika. Chagua kitambulisho kimoja, nakili jina herufi kwa herufi kama lilivyoandikwa hapo, na ulitumie hilo hilo kwenye CLEP, kwenye ACE na kwenye fomu za chuo. Rekodi zenye majina mawili hukaa ofisini bila kuunganishwa, na mwanafunzi anabaki kusubiri krediti ambazo chuo kimeshazipokea.

Kuhusu masomo ya kuanza nayo, anza na yale yenye krediti nyingi kwa mtihani mmoja. College Composition huleta krediti 6, lakini ina insha mbili pamoja na maswali ya kuchagua, na moja ya insha inakutaka utumie maandishi mawili unayopewa na uyataje ipasavyo. Fanyia mazoezi sehemu hiyo hasa, maana hapo ndipo waliozoea insha za sekondari zetu hupoteza alama: wanaandika vizuri lakini hawajengi hoja kwa kutumia vyanzo. Biology huleta 6. College Algebra, Introductory Psychology, Introductory Sociology na American Government huleta 3 kila moja. Aliyefanya hesabu za kidato cha tano na sita atahitaji zaidi kuzoea istilahi za Kiingereza cha Marekani na kikokotoo cha kwenye skrini kuliko kujifunza upya. American Government ni kinyume chake: hilo halikufundishwa kwetu, kwa hiyo litengee wiki kadhaa za kusoma kwa makini.

Kifaransa ni hazina ambayo Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi hawajui kwamba wanayo. CLEP ya French Language ni ya kusikiliza na kusoma tu, haina mazungumzo wala insha. Alama 50 inapendekezwa krediti 6, na 59 inapendekezwa 9. Soma tu masharti ya chuo chako kwanza, kwani vipo visivyotoa krediti za lugha kwa mtu aliyesoma sekondari kwa lugha hiyo.

Na Kiswahili? CLEP haina Kiswahili. Njia iliyopo ni mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, chama cha Marekani cha walimu wa lugha za kigeni, unaoitwa OPI, ambao Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake na ACE hutoa mapendekezo ya krediti kulingana na kiwango utakachopewa. Ni mahojiano kwa simu na mtahini aliyeidhinishwa, ya takriban nusu saa. Usidhani kuzaliwa na lugha kunakutosha. Mtahini hapimi lafudhi. Anapima unachoweza kufanya kwa lugha. Ukijibu kwa sentensi moja moja utapewa kiwango cha kati, hata kama ulilelewa Unguja. Kiwango cha juu kinataka usimulie kisa kwa mpangilio, chenye yaliyopita, yaliyopo na yajayo, kwa aya nzima. Kinachokizidi kinataka utetee msimamo juu ya jambo la kitaifa na ueleze ingekuwaje kama mambo yangekwenda vingine. Fanya mazoezi ya kuzungumza dakika tatu mfululizo juu ya mada kama bei ya mahindi au elimu ya wasichana, bila kuchomeka Kiingereza au Kifaransa. Vijana waliokulia Marekani hukwama hapo zaidi: wanaelewa kila kitu, lakini maneno ya mambo mazito hawana.

Jumlisha sasa. College Composition 6, Biology 6, French 9, na masomo manne ya krediti 3: jumla ni 33. Huo ni zaidi ya mwaka mmoja wa masomo, kwa mitihani saba.

Kuna pia DSST, mitihani inayofanana na CLEP, ambayo alama ya kufaulu kwa sehemu kubwa ni 400. Faida yake ni kwamba michache, kama Money and Banking, inapendekezwa kwa ngazi ya juu, yaani ya mwaka wa tatu na wa nne. CLEP karibu yote ni ngazi ya chini, na shahada nyingi zinataka krediti 30 au zaidi za ngazi ya juu. Wanaokusanya CLEP bila kuangalia hili hufika krediti 80 na kukuta hawajagusa nusu ngumu.

Kozi mbadala ni za yule asiyependa kuweka kila kitu kwenye mtihani wa saa moja na nusu. Sophia, Study.com na StraighterLine, watoaji wa kozi za mtandaoni, hutoza ada ya mwezi (StraighterLine huongeza na bei ya kila kozi), unasoma kwa kasi yako, na ACE limezikagua kozi zao nyingi. Kwa kuwa ada ni ya mwezi, usijiunge kabla hujawa na wiki nne za nafasi. Soma mada mapema kwa vitabu vya maktaba, jiunge, maliza kozi tatu au nne, kisha sitisha. Kazi za kuandika husahihishwa na binadamu na huchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo zitume mwanzoni mwa mwezi. Study.com ina kozi za ngazi ya juu pia, ila mtihani wake wa mwisho unasimamiwa kwa kamera. Angalia usirudie somo: ukishafaulu CLEP ya saikolojia, kozi ya saikolojia ya utangulizi ya Sophia haitakuongezea kitu, kwani chuo huhesabu mara moja tu.

Wapo ambao njia hii itawaumiza, na ni bora waambiwe sasa. Anayelenga uuguzi, kazi inayobeba familia nyingi za kwetu Marekani, asipite hapa kwa sayansi. Programu nyingi za uuguzi zinataka anatomia na mikrobiolojia zenye maabara na zenye daraja la herufi, wakati mitihani na kozi hizi huandikwa kuwa umepita tu. Uandishi, jamii na saikolojia zinaweza kukubalika. Sayansi zisome chuo cha jamii. Mwanafunzi wa viza ya F-1 naye ajue kwamba krediti za mtihani hazihesabiki katika mzigo wa krediti 12 za muhula, na kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu kwa muhula. Na anayetegemea Pell, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, aangalie asije akapunguza kozi za darasani hadi msaada nao upungue.

Jambo la mwisho ni la nyaraka. Ukihama kutoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu, usitegemee transkripti ya chuo cha kwanza ikuhamishie krediti za mtihani. Chuo kipya huangalia alama halisi upya na kwa kanuni zake, kwa hiyo agiza matokeo yatoke moja kwa moja College Board, ambayo huyatunza kwa miaka 20, na ya kozi yatoke kwa mtoaji au kwa ACE. Wiki tatu baada ya kutuma, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uone yamewekwa nafasi ipi. Yakiwa yamewekwa kwenye kozi za hiari, peleka ile barua pepe ya msajili uliyoihifadhi. Ukifeli CLEP, unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia somo hilo hilo. Panga mtihani wa kwanza mapema kiasi kwamba miezi hiyo iishe kabla muhula unaouhitaji haujafunguliwa.