Magofu ya Tongoni: namna ya kuyatazama

Toka Tanga mjini asubuhi mapema kwa gari la Pangani. Tongoni iko kilomita zipatazo 20 kusini. Shuka kijijini, ulizia magofu, kisha tembea kuelekea baharini. Ukichelewa hadi saa sita, jua la utosini hufuta vivuli na nakshi za chokaa hazionekani vizuri.

Anza na msikiti. Tafuta kibla upande wa kaskazini, kwa kuwa Makka iko huko ukiwa pwani yetu. Makaburi nayo yamelazwa mashariki-magharibi. Ukishaupata mwelekeo huo, eneo zima linasomeka.

Kwenye makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, usiharakishe. Makaburi yote ni kama 40, si yote yenye nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka: chumvi hula chokaa, mizizi hupanua nyufa za matumbawe. Kwa hiyo usiegemee nguzo wala kukanyaga kuta, hata kwa picha (na picha ya kuegemea kaburi haipendezi hata kidogo). Vishimo vya mviringo kwenye nguzo vilishika bakuli za kaure kutoka ng'ambo. Vigae ukiviona chini, viache hapo hapo.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, beba maji lita moja na nusu, na ukilipa kiingilio chukua risiti.